Breki za Shangazi

"Uliweka nini humu?"

Fundi Rajabu aliniuliza swali hilo akiwa amechuchumaa mbele ya pikipiki iliyopinda usukani, uani kwa Bibi, Lindi mjini. Ndugu na majirani waliokuja kutupa pole walikuwa wameketi kwenye mikeka, wakisikiliza. Alikuwa amefungua kile kikombe kidogo cha oili ya breki kilichoshikizwa kwenye usukani, akachovya kidole, akaisugua oili kwa kidole gumba, akakinusa kidole, akanitazama. Mimi ndiye niliyekijaza kile kikombe. Nilijua nilichoweka, nilikuwa nimesoma maelezo chungu nzima kabla ya kuweka, na ningeweza kumweleza kwa nini oili ya aina ile haitakiwi kuonja hata tone la maji. Lakini alichokuwa anakisugua hakikuteleza kama nilichoweka. Watu walikuwa wananisubiri.

Mwezi uliopita nilirudi Lindi kwa arobaini ya Bibi. Nilipangiwa kulala sebuleni pamoja na wanawake wengine, kwenye sebule ileile yenye makochi ya vitambaa vya kufuma na saa ya ukutani yenye picha ya Makka, ambayo kwa miaka yote niliyoifahamu haikuwahi kusema saa ya kweli. Wenzangu walipotoka kwenda kuchambua mchele, nilikunja pembe ya mkeka. Sakafu ya Bibi ilipakwa rangi nyekundu, na oili ya breki inakula rangi. Pale karibu na mlango bado kuna doa lililobabuka, umbo la kiganja kilichofungwa, na jinsi nilivyoirudishia ile pembe ya mkeka haraka, mtu angenikuta angedhani naiba. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu na funguo za nyumba yangu, na bado nilisikia joto likinipanda shingoni kwa ajili ya doa la sakafu.

Mambo ya pikipiki ile yalitokea mwaka niliomaliza chuo. Nilirudi na cheti, begi la vitabu na ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini wanawake tunakula baada ya wanaume wakati sisi ndio tuliopika? Kwa nini bei ya korosho inajulikana na kila mtu isipokuwa mkulima? Kwa nini dua ya safari isomwe kabla ya kukagua matairi, na si baada? Bibi alinisikiliza huku akichambua mboga, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, "huko chuo walikufundisha kuuliza. Kujibiwa mnafundishwa mwaka wa ngapi?" Wanawake wa jirani walicheka, nami nilicheka, lakini sikuacha. Nilikuwa sina kazi. Maswali ndiyo yaliyonifanya nijione bado ni mtu fulani.

Aliyenivumilia zaidi ni Shangazi Zainabu, binti wa Bibi, ambaye alikuwa akiishi hapo nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Shangazi alikuwa afisa ugani. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wakulima wa mikorosho upande wa Milola na vijiji vya juu yake, kuwaonyesha lini wapulize dawa ya salfa na matawi gani wakate, na kazi hiyo aliifanya kwa pikipiki kubwa, ndefu, ya rangi ya machungwa, iliyokuwa mali ya mradi mmoja wa wafadhili. Mradi ulipokwisha, pikipiki ilipigwa mnada, Shangazi akaichukua. Alivaa suruali ndani ya baibui, akalifunga baibui kiunoni kwa kamba ya katani, na alipopita stendi bodaboda walimpisha wakimwita "Komandoo!" Ilikuwa na breki za ABS, zile zinazozuia tairi lisijifunge unapokamata breki ghafla. Mjini kwetu pikipiki za namna hiyo zilikuwa chache, na waliozijua kwa ndani walikuwa wachache zaidi.

Kuta za nyumba ya Bibi hazikufika juu. Zilikomea penye kenchi, na juu yake kulikuwa wazi hadi kwenye bati, kwa hiyo neno lililosemwa chumba cha kwanza lilisikika chumba cha mwisho. Ndivyo nilivyomsikia Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa Baba na Shangazi, siku aliyokuja kumsema Shangazi. Alianza kwa upole. Akasema watu wanaongea. Akasema mwanamke wa umri wake, juu ya dude lile, baibui linapepea, ni aibu kwa ukoo. Shangazi akamuuliza ni watu gani hao, awataje. Baba Mkubwa akasema, "Zainabu, siku litakapokutupa, hao watu ndio watakaokubeba." Kisha nikamsikia Shangazi akisema maneno ambayo ningependa asingeyasema, "Likinitupa hata mara moja, kaka, nauza. Naapa mbele ya Mama." Bibi alikuwepo humo chumbani. Nilisikia tu tasbihi yake ikigongana.

Miezi kadhaa baada ya kiapo hicho, breki ya mbele ilianza kulegea. Ukiminya mkono wa breki, uliingia ndani kama unaminya embe bovu. Oili kwenye kikombe ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa ya tangawizi. Tulimpelekea Fundi Rajabu, ambaye karakana yake ilikuwa kivuli cha bango la simu na makelele yake yalijaa mtaa mzima.

"Shikamoo Shangazi! Leo Komandoo kaja na mwanasheria wake?"

"Marahaba. Breki inaingia."

Aliizunguka pikipiki, akagonga kidude cha chuma kilichojificha chini ya kiti. "Adui ni huyu hapa. ABS. Nikiikata hii, nikaunganisha mpira moja kwa moja, breki itakuwa kama ya bodaboda."

"Kwa nini uikate wakati haijaharibika?" nikauliza.

"Dada, kitu usichokijua unakitoa. Hata jino."

"Jino unalitoa kwa sababu hulijui?"

Vijana waliokuwa wakisubiri pancha walishangilia kama wako mpirani. Rajabu naye alicheka, akapangusa mikono. "Basi mpeni breki huyu mwanafunzi. Ila likiwaka moto, msiniite." Shangazi aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka chuo niliona mtu ananihitaji. Tulipofika nyumbani nilisoma kwenye simu usiku na mchana. Nilijifunza kuwa oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, na pwani yetu hewa yenyewe ni shuka mbichi, kwa hiyo oili inazeeka na kuingia maji, na maji yakipata moto wa breki yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Nilijifunza pia kuwa ndani ya kile kidude cha ABS kuna vyumba vidogo vinavyobaki vimefungwa mpaka ABS ifanye kazi, kwa hiyo ukitoa upepo na kubadilisha oili mara moja tu, oili ya zamani inabaki humo imejificha. Karakana kubwa zina kompyuta ya kuvifungua. Sisi tungefanya mara mbili: tubadilishe oili, tukaipige breki kwenye mchanga mpaka ABS ishtuke na kuitapika ile ya zamani, kisha turudi tubadilishe tena.

Nilimweleza Bibi haya yote uani, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri. Basi tumwite Maalimu aisomee kwanza." Maalimu wake alikuwa akifundisha madrasa mtaa wa nyuma, na watu walimwita kusomea vyombo vya uvuvi, mashine za kusaga, hata nyumba mpya. Nikamwambia, "Bibi, breki inashikwa na oili. Maalimu akisoma mpaka asubuhi, oili chafu ni oili chafu." Nilisema kwa kucheka. Bibi hakucheka. Alivuta kanga yake mabegani, akasema, "Haya, mke mwenzangu," na sikulisikia tena jina la Maalimu. Nilijihesabu nimeshinda.

Chupa ya oili niliinunua mwenyewe, kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Kifuniko kilizunguka kirahisi mno. Nilisita kidogo pale kaunta, nikasikia muuzaji akisema, "Zote ziko hivyo, dada," nikalipa. Mtu wa kuuliza kila kitu sikuuliza hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Mpira mwembamba wa dripu, tuliopewa na muuguzi jirani, niliuchomeka kwenye skrubu ya kutolea upepo kule chini kwenye gurudumu, ncha ya pili nikaiingiza kwenye chupa ya maji tupu. Shangazi aliketi juu ya pikipiki kama malkia na kuuminya mkono wa breki.

"Minya, Shangazi. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nalegeza skrubu, oili ya kahawa inakimbia na mapovu yake kwenye mpira, naikaza.

"Achia."

"Unaniamrisha kama mkunga," Shangazi akasema.

"Sukuma, mama, sukuma," Bibi akadakia kutoka jikoni, akiwa amesahau kwa muda kuwa amekasirika, na sote watatu tukacheka mpaka spana ikaniponyoka. Nadhani hiyo ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule, na ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ilikuwa safi na iliyofuata haikuwa.

Tulipomaliza duru ya kwanza tulikwenda kwenye kiwanja cha mpira chenye mchanga. Shangazi alipiga mwendo na kukamata breki kwa nguvu zote, mara kwa mara, mpaka mkono wa breki ukamtetemekea kiganjani, ishara kuwa ABS imeamka. Watu walikusanyika. "Komandoo anafunzwa kuanguka!" mmoja akapaza sauti. "Afunzwe tu, kuanguka bila kusomea ni hasara!" mwingine akajibu. Shangazi alikuwa anang'aa kwa jasho na furaha. Nilisimama pembeni nikijifanya mhandisi.

Mvua ilitukuta tukiwa tunaanza duru ya pili. Tuliisukuma pikipiki sebuleni, nikafungua kikombe cha usukani, nikaongeza oili, kidogo ikamwagika sakafuni karibu na mlango, na hapo Shangazi akasema njaa inamuuma. Nikakifunika kikombe kwa kitambaa safi, bila kukaza kifuniko, tukaenda jikoni. Kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya mwituni, kisamvu cha karanga na samaki wa kukaanga aliyebaki jana. Tulikula tukiwa tumechuchumaa karibu na moto, mvua ikipiga bati kiasi kwamba tulisemezana kwa ishara. Bibi alikula kidogo, akanyanyuka kwenda kusali. Tuliporudi sebuleni tuliendelea pale tulipoishia. Minya. Shikilia. Achia. Oili iliyotoka kwenye mpira ilikuwa ya manjano mazuri, nyepesi, haina povu. Mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe. Shangazi aliuminya, akaniangalia, akauminya tena. "Chuo hakikupotea bure," akasema. Nililala siku ile kama mtu aliyeajiriwa.

Shangazi alianguka wiki ya pili, akirudi kutoka Milola. Alikuwa amebeba mzigo wa miche nyuma, na kwenye mteremko mrefu wenye makona alikuwa ameikalia breki ya mbele njia nzima kwa sababu ya uzito. Alipofika kona ya chini aliminya na mkono ukaenda mpaka mwisho, mtupu. Breki ya nyuma peke yake haikutosha. Alichagua mtaro badala ya watoto waliokuwa wanachota maji upande wa pili, na ule mtaro ulimvunja paja. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka kwenye gari. Kwa hiyo Baba Mkubwa alisema kweli hata hapo, kuhusu watu watakaombeba.

Pikipiki ililetwa siku ya tatu, na Fundi Rajabu akaitwa kuitazama, na mbele ya wote akaniuliza uliweka nini humu. "Hii ina maji," akasema. "Oili haiwi hivi kwa wiki mbili." Niliingia ndani nikaleta ile chupa. Aliuzungusha mfuniko. "Ulinunua ikiwa imefungwa?" Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema, "Ilizunguka kirahisi." Rajabu hakuongeza utani. Aliirudisha chupa mkononi mwangu. Mama mmoja kwenye mkeka akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye huyu aliyekataa fundi?" Baba Mkubwa alikuwa amesimama na fimbo yake. Alisema neno moja tu, "Msomi," bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye kitambulisho. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, na nilipomtazama nikitafuta msaada alikuwa akitazama mikono yake.

Shangazi alikuwa mtu wa kiapo. Aliiuza pikipiki akiwa bado kitandani hospitalini, mguu umening'inizwa. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamwambia habari ya chupa na kifuniko, nikalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akanipa leso. Shangazi alinishika mkono. Alisema, "Yamekwisha, mwanangu," na alionekana anataka kuongeza kitu, akafumba macho. Alipopona alihamishiwa ofisini, kupanga mafaili ya wakulima ambao zamani alikuwa akiwatembelea mashambani. Anachechemea mpaka leo. Mimi niliondoka Lindi mwaka huohuo, na kila niliporudi nilirudi kwa siku chache, nikala macho yakiwa sahanini. Tena nilianza kunyamaza. Watu walisema nimekua. Kazini, mwenzangu akipitisha jambo lisilo sawa, nilimsikia yule muuzaji akisema zote ziko hivyo, dada, na nilijiuliza ni nani mimi wa kuwauliza wengine.

Asubuhi baada ya arobaini, wageni wameshaondoka, mimi na Shangazi tulikuwa uani tunasugua masufuria ya pilau kwa mchanga na majivu. Ndipo aliponiambia. Alisema alitaka Mama awe ameshapumzika kwanza. Siku ile ya mvua, sisi tukiwa jikoni, Bibi hakwenda kusali moja kwa moja. Alikuwa amekwishakwenda kwa Maalimu peke yake, kimyakimya kwa sababu yangu, akaandikiwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, ambalo mgonjwa hunywa ili apone. Nusu alimnywesha Shangazi ndani ya chai bila yeye kujua. Nusu aliimimina kwenye kikombe cha breki. Tuliporudi tuliisukuma yote, kila tulipominya, mpaka chini kwenye gurudumu.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu, na nilisikia nafuu hiyo nikiwa nimeshika sufuria lililopikiwa arobaini yake. Halafu nikamuuliza Shangazi kwa nini aliniacha na ile chupa miaka yote hiyo.

Alimwaga maji machafu ya sufuria. Kisha akaniambia kuwa Bibi mwenyewe ndiye aliyemweleza, hospitalini, siku ya pili tu baada ya ajali. Hakuja kuungama. Alikuja na uso wa furaha, akainama sikioni kwake, akamwambia alichokimimina, na akasema, "Ndiyo maana hukufa." Shangazi hakuwa na moyo wa kumwambia vingine, na Bibi aliishi na kufa akiamini hivyo.